Siku 20 za Julai 2019: uchambuzi wa kisa cha kumtafuta kocha wa Taifa Stars baada ya Misri

Julai 1, 2019 Taifa Stars ilifungwa 3-0 na Algeria jijini Cairo na kufunga virago vya AFCON, fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, bila pointi hata moja. Julai 8 TFF, shirikisho la soka nchini, ikatangaza kuachana na kocha Emmanuel Amunike. Mechi iliyokuwa inafuata ni ya kuwania kufuzu CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, dhidi ya Kenya, Dar es Salaam, Julai 28. Hapo katikati kuna siku 20.

Tunakichambua kisa hiki kwa ajili ya makocha na viongozi wa soka wa Arusha na Moshi, na tuna sababu. Benchi la ufundi lililoundwa ndani ya siku hizo lilichukua mtu kutoka Moshi: Selemani Matola, aliyekuwa akiifundisha Polisi Tanzania kwenye Uwanja wa Ushirika. Pia fainali za AFCON 2027 zinakuja Kenya, Uganda na kwetu, na uwanja mpya wa watu 30,000 pale Olmoti, Arusha, umepangwa kwa ajili hiyo. Siku kiti cha kocha kitakapojadiliwa tena, wajumbe wa mikoa hii watakuwa ndani ya ukumbi wa mkutano mkuu wa TFF. Wakiingia na hoja moja tu ya vijiweni, ile ya mzawa au mgeni, watatoka mikono mitupu.

Misri palitokea nini

Stars ilikuwa imerudi AFCON baada ya miaka 39, tangu Nigeria 1980. Ilifuzu Machi 24, 2019 kwa kuichapa Uganda 3-0, na nchi nzima ikalewa ushindi ule. Kundi C likawa na Senegal, Kenya na Algeria. Senegal walishinda 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Mabao 2 ya kufunga, 8 ya kufungwa.

Mtu akiishia kwenye msimamo wa kundi, atasema kocha ameshindwa, aondoke. Lakini Algeria na Senegal ndio waliokutana fainali Julai 19. Kufungwa na timu mbili bora za Afrika za mwaka ule hakumpimi kocha yeyote wa Tanzania. Mechi ya kuipima Stars ilikuwa moja tu, ya Kenya, Juni 27. Simon Msuva alifunga dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na dakika moja baadaye Mbwana Samatta akairudisha Stars mbele. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha dakika ya 62, na Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Stars iliongoza mara mbili ikatoka na sifuri.

Hilo ndilo lilipaswa kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ya ufundi kabla ya jina la kocha mwingine kutajwa: timu hii haijui kulinda bao. Kwa nini? Ripoti yenye maana hairidhiki na neno "uzembe". Inarudi kwenye video na kupima vitu vinavyohesabika. Baada ya kuongoza, mstari wa mabeki ulirudi nyuma mita ngapi? Mpira ulipopokonywa, ulitoka kwa pasi au kwa kubutuliwa, na ulikaa mguuni kwetu sekunde ngapi kabla ya kurudi? Wachezaji wa akiba waliingia dakika ya ngapi, wakachukua nafasi ya nani? Viungo wawili wa kati walikuwa wamekimbia kiasi gani kufikia dakika ya 70? Kazi hii ni ya watu watatu wenye kompyuta mpakato mbili kwa siku nne. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu mwenye mamlaka aseme hakuna jina litakaloingia mezani mpaka karatasi hiyo ifike.

Kiti kimoja, kazi mbili

Hapa ndipo kamati nyingi hujikwaa, na si Tanzania pekee. Kocha wa timu ya taifa anaonekana ana kazi moja, kumbe kwa nchi kama yetu anazo mbili, na hazifanani.

Kazi ya kwanza ni CHAN. Mashindano hayo yanaruhusu wachezaji wa ligi ya nyumbani tu. Julai 2019 kocha mpya asingekuwa na Samatta wala Msuva, ambao walikuwa wanacheza nje. Alihitaji kuwajua kwa sura na kwa miguu wachezaji wa Ligi Kuu, tena wakiwa wametoka mapumzikoni, klabu zikiwa ndiyo kwanza zinaanza maandalizi ya msimu. Hana muda wa kuzunguka viwanjani kuwatazama. Ama anawajua tayari, ama hawajui.

Kazi ya pili ni AFCON na Kombe la Dunia. Hapo wachezaji wanatoka nchi tofauti ndani ya dirisha la FIFA la siku tisa, wanaanza kuwasili Jumatatu, na kuna mechi mbili. Mchezaji aliyecheza Jumapili Ulaya anafika Dar es Salaam Jumanne amechoka. Kama mechi ni Ijumaa, mazoezi ya kikosi kamili ni mawili, pengine matatu. Novemba 2019 ratiba ilikuwa Ijumaa tarehe 15 Dar es Salaam dhidi ya Guinea ya Ikweta, kisha Jumanne tarehe 19 Monastir, Tunisia, dhidi ya Libya. Ukitoa siku ya safari na siku ya kuponya miguu, kati ya mechi hizo linabaki zoezi moja la maana. Kocha wa kazi hii hafundishi kwa wingi wa siku. Anachagua mambo mawili au matatu, anayapanga vizuri, na anajua kuyasema kwa dakika 15 za video.

Mtu mmoja anaweza kuziweza zote mbili. Ila lazima apimwe kwa zote mbili.

Uamuzi wa Julai ulikuwa sahihi

TFF ilimchukua Etienne Ndayiragije, Mrundi, kuwa kocha wa muda. Alikuwa ametoka KMC akiwa ameingia Azam. Wasaidizi wakawa Juma Mgunda wa Coastal Union na Matola wa Polisi Tanzania. Watu walilalamika kwamba jina ni dogo baada ya Amunike, mchezaji bora wa Afrika wa 1994 aliyeipa Nigeria Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2015. Sisi tunasema huo ulikuwa uteuzi mzuri kuliko yote yaliyofuata kwa miaka mitatu. Ulijibu swali lililokuwepo. Swali halikuwa nani ataipeleka Tanzania mbali Afrika. Lilikuwa nani anawajua wachezaji wa ndani leo jioni. Watu watatu kutoka klabu tatu tofauti, Dar es Salaam, Tanga na Moshi, walikuwa wameiona ligi nzima kutoka pembe tatu.

Matokeo yakaja. Kenya 0-0 nyumbani, 0-0 ugenini Agosti 4, Stars ikapita kwa penalti 4-1. Septemba Burundi ikatolewa kwa penalti katika mchujo wa Kombe la Dunia baada ya sare mbili za 1-1. Sudan ikashinda 1-0 Dar es Salaam, Stars ikalipa kisasi 2-1 kule kwao Oktoba 18 na kufuzu CHAN kwa kanuni ya bao la ugenini.

Oktoba

Mwezi huohuo Ndayiragije akapewa kazi ya kudumu. Kosa tunaloliona limelala hapo, na si kosa la kocha. Ushahidi uliokuwa mezani ulikuwa wa kazi ya kwanza. Kazi iliyokuwa inafuata, mwezi mmoja mbele, ilikuwa ya pili. Ni sawa na kumpima dereva wa daladala ya Kilombero kwa umahiri wake wa mjini, kisha ukamkabidhi basi la usiku la kwenda Mwanza. Huenda akaliweza. Hujui, kwa sababu hukumpima kwa hilo.

Novemba, katika mchujo wa AFCON, Stars iliifunga Guinea ya Ikweta 2-1 ikitokea nyuma. Siku nne baadaye kule Monastir, Samatta alifunga kwa penalti, Stars ikaongoza, Libya wakashinda 2-1. Ugonjwa wa Cairo ulikuwa umesafiri. Januari 2021 CHAN yenyewe ikachezwa Cameroon. Stars ilifungwa na Zambia 2-0, ikaifunga Namibia 1-0, na mechi ya mwisho na Guinea ikaongoza 2-1. Ushindi ungeipeleka robo fainali. Guinea wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Februari kibarua cha Ndayiragije kikaota nyasi, akarudishwa Kim Poulsen wa Denmark, na mechi yake ya kwanza ya ushindani ikawa mwezi uliofuata. Stars ikafungwa 1-0 na Guinea ya Ikweta kule Malabo na safari ya AFCON ikaishia kwenye mchujo.

Tazama mnyororo uliofuata: Ndayiragije, Poulsen, Honour Janza wa Zambia, Adel Amrouche, Hemed Suleiman. Watu watano ndani ya miaka minne na nusu tangu Misri. Januari 2024, kwenye AFCON kule Ivory Coast, Stars iliongoza dhidi ya Zambia kwa bao la Msuva, Zambia wakabaki 10 uwanjani, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Desemba 2025, kwenye AFCON kule Morocco, chini ya Miguel Gamondi, Stars iliongoza dhidi ya Uganda kwa penalti ya Msuva, Uganda wakasawazisha dakika ya 80.

Mnigeria, Mrundi, Mtanzania, Muargentina. Makocha wanne kutoka nchi nne, na bao lilelile la jioni. Ndiyo maana ubishi wa mzawa na mgeni unatuchosha. Kasoro isiyoandikwa na shirikisho inarithiwa na kila anayekuja, na kila anayekuja anaigundua upya akiwa tayari uwanjani.

Pointi mbili

Kuna jambo jingine ambalo wajumbe wanapaswa kulishika kichwani. Ivory Coast, Januari 2024, Stars ilipata pointi 2 na kushika mkia. Morocco, Desemba 2025, ilipata pointi 2 zilezile, ikapita kama mmoja wa washindi wa tatu bora, na kwa mara ya kwanza ikacheza hatua ya mtoano, ambako wenyeji waliitoa 1-0. Idadi moja ya pointi, mara moja aibu, mara nyingine historia. Hatusemi mafanikio ya Stars kule Morocco ni bahati. Sare ya 1-1 na Tunisia ilichezwa kiume, na kipigo cha 2-1 mbele ya Nigeria hakikuwa cha kudhalilisha. Tunachosema ni kwamba kamati inayotimua au kuajiri kwa kutazama msimamo wa kundi inaongozwa na matokeo ya mechi za watu wengine.

Namna ya kuzitumia siku 20

Kwanza mkubali kwamba siku 20 hazitoshi kumpata kocha wa kudumu. Zinatosha kumpata wa muda na kuanza mchakato wa wa kudumu, na mambo hayo mawili yaendeshwe na meza mbili. Kocha wa muda apewe barua yenye tarehe ya mwisho na mechi zilizotajwa moja moja. Akitaka kiti cha kudumu aombe kama wengine, afanyiwe usaili uleule. Asipoambiwa hivyo siku ya kwanza, ushindi wake wa kwanza utaigeuza kamati kuwa mashabiki.

Siku tano za mwanzo ni za ripoti tuliyoieleza. Mbili zinazofuata ni za kuandika kazi yenyewe, ukurasa mmoja: mechi zipi, wachezaji wa aina gani, tatizo gani la kutibu, nani atakuwa juu yake. Tangazo liende na ukurasa huo. Bila huo, maombi yatakuja kwa mamia kutoka kwa mawakala, kila moja na picha ya kombe, na kamati itachagua kombe linalong'aa.

Orodha ikishafika watu watano, ndipo usaili unaanza, na hapa tungependa kukaa kidogo kwa sababu ndipo pesa hupotea. Maswali ya "falsafa yako ya soka ni ipi" hayasaidii. Kila kocha ana jibu zuri la hilo. Mtumie video ya mechi ya Kenya, dakika zote 90, mpe saa 48. Akirudi, awe na dakika 20 za kueleza alichokiona baada ya dakika ya 40 na angebadilisha nini, kwa kutaja wachezaji waliokuwa benchi siku ile. Kisha mpe ratiba ya dirisha moja la FIFA, aandike mazoezi yote kwa saa na dakika, pamoja na siku ambayo wachezaji wanane bado hawajafika. Atakayeandika mazoezi sita ya nguvu ndani ya siku nne hajawahi kufundisha timu ya taifa, au hakujifunza alipofundisha. Mwisho mpe orodha ya wachezaji 30 wa ligi ya ndani, achague 10 wa CHAN na aseme kwa nini. Kwa mgeni asiyeijua ligi, mpe wiki moja na video. Unachopima ni namna anavyojifunza.

Simu za kumuulizia zipigwe kwa mashirikisho aliyoyaacha, si kwa majina aliyoyaandika mwenyewe. Swali muhimu ni jinsi alivyoondoka: kulikuwa na kesi FIFA, aliwahi kufungiwa, anaongea vipi na waandishi. Hili la mwisho si dogo. Januari 2024 Amrouche alifungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, mechi nane kwa maneno aliyoyatoa kuhusu Morocco, na TFF ikalazimika kubadili benchi mashindano yakiwa yameshaanza, baada ya mechi moja tu. Hemed Suleiman na Juma Mgunda walikabidhiwa timu wakiwa Ivory Coast. Kwamba walipata sare mbili katika hali ile ni sifa kwao.

Mkataba

Amunike alisaini miaka miwili Agosti 2018. Alipoondoka ilikuwa imebaki miezi 13. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mshahara wa dola 10,000 kwa mwezi, bila kifungu cha kuvunja mkataba, deni la mezani ni dola 130,000. Kikiwepo kifungu cha fidia ya miezi mitatu, ni 30,000. Tofauti hiyo inalipa kambi ya vijana.

Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA za hadhi ya wachezaji zina kiambatisho cha makocha, na viongozi wengi wa mikoa hawajakisoma. Uhalali wa mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kupatikana kwa viza, kibali, au leseni fulani ya ukocha. Maana yake, ukisaini leo na Uhamiaji wakakataa kesho, deni ni lako. Leseni na vibali vikaguliwe kabla kalamu haijagusa karatasi. Mshahara wa miezi miwili usipolipwa, kocha akitoa notisi ya siku 15 na bado kimya, ana sababu halali ya kuondoka na kudai. Hata klabu za daraja la chini zinazoajiri makocha kutoka nje zinaguswa na hili.

Kwa upande wa nyumbani, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa urithishaji, yaani Mtanzania atakayejifunza kazi kwa mgeni huyo. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, kisha kuna kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Waombaji wengi huujaza mpango huo kama karatasi ya kutimiza sharti. Ungetumiwa ipasavyo, kila kocha wa kigeni angeacha nyuma msaidizi mwenye daftari lote la mechi, na Janza asingeanza sifuri alipopokea timu ya Poulsen, wala Amrouche alipopokea ya Janza. Msaidizi huyo awe na mkataba wa shirikisho, usiofungamana na wa kocha mkuu. Kocha akiondoka, yeye na daftari wanabaki.

Olmoti

Mwenyeji hahitaji kufuzu. Hata Stars ikicheza mechi za mchujo kuelekea 2027, hazitampima kocha kama zilivyompima Amunike kwa Uganda, kwa hiyo mikataba ya kipindi hiki isiandikwe kwa shabaha ya "kufuzu". Shabaha ziwe za mchezo wenyewe: mechi ngapi tuliongoza, ngapi tulimaliza tukiwa mbele.

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai kuna baridi ya asubuhi isiyozoeleka kwa mchezaji wa Dar es Salaam. Mwinuko huo si wa kumwangusha mtu, lakini kwa timu ambayo tayari inapungukiwa dakika ya 80 si jambo la kupuuza. Mapafu yanahitaji siku kadhaa kuzoea. Kocha anayeitaka kazi aulizwe kambi ya Arusha ataipanga siku ngapi kabla ya mechi, na nani atapima mwendo wa wachezaji wiki hiyo. Vyama vya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro vinaweza kuanza sasa kuandaa majalada ya makocha wake wenye leseni: timu walizofundisha, mechi, video, barua za klabu. Matola alipatikana Julai 2019 kwa sababu alikuwa Ligi Kuu na anaonekana. Kocha aliye daraja la chini pale Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hataonekana ndani ya siku 20 kama jalada lake halipo mezani siku ya kwanza.